Roulage na Trafiki: Historia ya Kosa la Mwendo kwa Dereva wa Bunia Ugenini

1.0 Utangulizi

Barabara itokayo Bunia kwenda Mahagi, na kutoka Mahagi kuingia Uganda kwa njia ya Goli, humbadilishia dereva mambo mengi katika umbali wa hatua chache. Alikuwa akishika mkono wa kulia, sasa yampasa kushika wa kushoto. Askari wa barabarani aliyekuwa akimwita wa roulage, sasa anaitwa trafiki. Karatasi aliyoijua kwa jina la permi, sasa inaulizwa kwa jina la leseni. Jambo moja tu laonekana kubaki vilevile: kosa la kupita kiwango cha mwendo. Kosa hilo ni hesabu ya kilomita kwa saa, na hesabu haina taifa.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba usawa huo ni wa juujuu. Kipimo cha mwendo ni tarakimu, lakini kesi ya mwendo ni maneno: shtaka, maelezo, kukiri au kukana, na stakabadhi. Maneno hayo yamefika Ituri na Uganda kwa njia mbili tofauti za kihistoria. Kiswahili, ambacho ndicho lugha pekee inayomfuata dereva kutoka Bunia mpaka Mombasa, kimekuwa cha mwisho kuingizwa katika karatasi za kosa hilo. Gharama ya kuchelewa huko hulipwa na dereva mgeni.

2.0 Asili ya kosa lenyewe

Sheria ya mwendo ni ya zamani kuliko motokari tunazozijua. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1865 iliyohusu mitambo ya mvuke iendayo barabarani iliweka kikomo cha maili 4 kwa saa mashambani na maili 2 kwa saa mijini, tena ikataka mtu atangulie mbele kwa miguu akiwa na bendera nyekundu. Ni chini ya utaratibu huo kwamba mwezi Januari 1896, katika jimbo la Kent, Walter Arnold alishtakiwa kwa kwenda mwendo wa maili 8 kwa saa mjini. Askari aliyemkamata alimfukuza kwa baiskeli. Kwa kosa la mwendo alitozwa shilingi moja. Mwaka huohuo kikomo kilipandishwa, na mwaka 1903 sheria nyingine iliyapa magari ya Uingereza namba na madereva wake leseni. Maneno haya mawili yakaingia katika Kiswahili cha Kenya, Uganda na Tanganyika pamoja na utawala ulioyaleta.

Ubelgiji ilikuwa na njia yake. Tarehe 29 Aprili 1899, Mbelgiji Camille Jenatzy, akiendesha gari la umeme huko Achères karibu na Paris, alikuwa mtu wa kwanza kupita kilomita 100 kwa saa katika gari. Miezi mitatu baadaye, tarehe 1 Agosti 1899, Ubelgiji ilitunga upya sheria yake kuhusu kile ilichokiita polisi ya roulage. Neno hilo la Kifaransa latokana na kitenzi chenye maana ya kubingirika, nalo lilihusu uchukuzi wa magurudumu, yaani mikokoteni na magari ya farasi, kabla ya kuhusu motokari. Katika Kongo huru, sheria nambari 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978 huitwa Kanuni ya Barabara, na kikosi chenyewe kina jina rasmi linalotaja usafiri wa barabarani, si roulage. Hata hivyo watu wa Bunia, kama wa Goma na Kinshasa, wameendelea kusema roulage. Mkokoteni wa Ubelgiji ungali hai katika vinywa vya watu ambao hawakupata kuuona.

3.0 Sheria mbili zinavyokutana Ituri

Mwaka 1903 ndio mwaka ambao dhahabu iligunduliwa katika eneo la Kilo, kaskazini ya Bunia. Machimbo ya Kilo-Moto yalihitaji barabara, na barabara hizo zilielekea Ziwa Albert, kwani njia fupi ya kufika baharini ilikuwa ya mashariki. Bandari ya Kasenyi, kilomita 50 hivi kutoka Bunia, ilitazamana na Butiaba upande wa Uganda, na kutoka huko mizigo iliendelea hadi Mombasa. Kwa hiyo, ingawa Ituri ilitawaliwa kutoka magharibi, biashara yake ilielekea mashariki. Ziwa lilizitenga sheria mbili za barabara: shehena ilishushwa na kupakiwa upya, na dereva wa kila upande alibaki kwao. Maji ya ziwa yalipopanda mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuiharibu Butiaba, njia za nchi kavu za Mahagi, Aru na Kasindi zilizidi kuwa na maana. Siku hizi ni gari lenyewe linalovuka, na dereva wake pamoja nalo.

Tofauti ya kwanza inayomkabili ni ya upande. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1949 kuhusu usafiri wa barabarani, unaozihusu Kongo na Uganda pia, uliagiza kwamba kila nchi iwe na upande mmoja katika barabara zake zote, lakini haukusema uwe upi. Makoloni kadhaa ya zamani ya Uingereza yalihamia kulia baada ya uhuru ili yalingane na majirani: Nigeria mwaka 1972, Sudan mwaka 1973, Ghana mwaka 1974. Uganda, Kenya na Tanzania zilibaki kushoto, zikilingana zenyewe kwa zenyewe. Matokeo yake ni kwamba dereva wa Ituri aendaye kaskazini hadi Sudan Kusini habadili upande, lakini aendaye mashariki hubadili.

Tofauti ya pili ilikuwa ya kipimo. Wakati wa ukoloni, Uganda ilihesabu kwa maili na Kongo kwa kilomita. Tarakimu 60 kwa dereva aliyezoea maili ni mwendo wa karibu kilomita 97 kwa saa. Kwa hiyo alama ileile iliweza kuwa amri mbili. Baada ya uhuru nchi za Afrika ya Mashariki ziliacha maili, na mtego huo ukaondoka.

Yafaa kuongeza tofauti ya tatu, ambayo haimo katika sheria yoyote. Barabara ya taifa namba 27, inayopita Bunia na Mahagi, imekuwa kwa miaka mingi barabara ya udongo na mashimo, na katika miaka hii ya vita vya Ituri imekuwa pia barabara ya mashambulizi. Katika barabara ya namna hiyo kuna sehemu ambapo dereva hawezi kwenda mbio, na kuna sehemu ambapo haoni busara kwenda polepole, kwa kuwa usalama wake umo katika kupita upesi. Akifika kwenye lami upande wa Uganda huwa na mazoea mawili yasiyomfaa: mguu uliochoka kujizuia, na imani kwamba mwendo wa kasi ni kinga. Tunayaeleza haya si kwa kumtetea, kwani wanaovuka barabara Nebbi au Pakwach hawana hatia ya vita vya Ituri. Tunayaeleza ili ifahamike kwamba anayekamatwa si mpumbavu.

4.0 Lugha ya kosa

Kiswahili kilifika Ituri pamoja na misafara ya biashara ya pembe za ndovu na watumwa, kabla ya utawala wa Wabelgiji kuimarika, nacho kilijulikana kwa jina la Kingwana. Kikaenea katika masoko, misheni na shule. Lakini jeshi la kikoloni, Force Publique, lilitumia Kilingala, na Kilingala kikawa lugha ya askari. Kifaransa kilikuwa lugha ya karatasi. Mgawanyo huo haujafutika. Huko Bunia dereva aweza kusimamishwa kwa Kilingala, kujitetea kwa Kiswahili, na kuandikiwa kosa kwa Kifaransa.

Upande wa Uganda mgawanyo ni mwingine. Kiswahili kilipata hadhi ya lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, lakini karatasi za polisi na za mahakama zimeendelea kuwa za Kiingereza. Dereva wa Bunia anayezungumza na askari kwa Kiswahili aweza kueleweka vizuri kabisa, mpaka pale kalamu inaposhikwa.

Hata katika mazungumzo yenyewe, Kiswahili cha pande hizi mbili hakikutani vizuri kwenye jambo hili. Bunia wanasema shofere, mashariki wanasema dereva. Bunia wanataja plake, mashariki namba. Bunia hulipishwa amande, mashariki hutozwa faini. Tanzania imejitungia neno lake zuri: kifaa cha kupimia mwendo huitwa tochi, na aliyekamatwa nacho husema amepigwa tochi. Kwa dereva wa Ituri, tochi ni taa ya mkononi, na sentensi hiyo haimwambii chochote. Ikumbukwe kwamba maneno haya si makosa ya kisarufi ya upande wowote. Ni kumbukumbu ya sheria mbili zilizotajwa hapo juu: permi ilitoka Ubelgiji, leseni ikatoka Uingereza, na Kiswahili kimeyapokea yote mawili bila kuulizwa.

5.0 Haki ya kuelewa shtaka

Tuchukue mfano wa dereva anayesimamishwa ndani ya Uganda kwa kwenda kilomita 75 kwa saa mahali penye kikomo cha 50. Kosa lipo. Alama ya barabarani ilikuwa ni tarakimu ndani ya duara, na hakuhitaji Kiingereza ili kuisoma. Lakini kuanzia hapo, kila linalofuata lahitaji lugha: kujua kama anaweza kulipa na kuendelea na safari, au kupinga mbele ya hakimu, kujua malipo hufanyika wapi, kujua saini anayotakiwa kuiweka ni ya kupokea karatasi au ya kukiri kosa. Asiyejua hayo hulipa chochote atakachotajiwa na yeyote atakayemtajia, wala hana njia ya kutofautisha faini halali na isiyo halali. Dereva wa lori kutoka Kenya au Uganda anayesimamishwa Bunia na kupewa karatasi ya Kifaransa yumo katika hali hiyohiyo kwa upande wa pili.

Sheria haikunyamaza juu ya jambo hili. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 28, yampa mshtakiwa haki ya kuelezwa kosa lake kwa lugha anayoielewa, na ya kupata mkalimani bila malipo. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika ibara ya 18, yaagiza kwamba anayekamatwa aelezwe sababu katika lugha anayoielewa. Katiba hiyohiyo yakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa.

Kuna watakaosema kwamba haki hizo ziliwekwa kwa ajili ya mashtaka makubwa, si kwa kosa la barabarani. Hoja hiyo ilipata jibu lake Ulaya. Mwaka 1978 mfanyakazi Mturuki aliyeishi Ujerumani aligonga gari lililoegeshwa, akatozwa faini ya marki 60. Alipinga, kisha akaacha kupinga, na serikali ikamdai gharama ya mkalimani: marki 63 na senti 90. Mkalimani alikuwa ghali kuliko kosa. Shauri hilo, linalojulikana kama Öztürk dhidi ya Ujerumani, lilifika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, nayo tarehe 21 Februari 1984 iliamua kwamba udogo wa adhabu hauondoi haki ya mkalimani wa bure. Uamuzi huo haufungi mahakama za Kampala wala za Bunia, lakini mantiki yake yafaa popote: ikiwa dola imeona kosa lastahili adhabu, basi lastahili pia kuelezwa.

Suala hili linazidi kuwa la haraka kwa sababu ya mashine. Mwezi Juni 2025 Uganda ilianzisha utaratibu wa kutoza faini kwa kamera na ujumbe wa simu, kisha ikausimamisha mwezi huohuo kutokana na malalamiko ya umma. Utaratibu wa namna hiyo ukirudi, askari wa kuzungumza naye hatakuwapo kabisa. Upungufu wa askari aliyejua Kiswahili kidogo hautakuwa tena na wa kuufidia.

6.0 Hitimisho

Kongo ilikubaliwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Mwaka mmoja kabla yake, mkutano wa wakuu wa nchi za Jumuiya hiyo ulikuwa umeamua kwamba Kiswahili na Kifaransa viwe lugha zake rasmi pamoja na Kiingereza. Maamuzi hayo hupongezwa katika makongamano yetu, na si vibaya. Lakini kipimo cha hadhi ya lugha si idadi ya hotuba zinazoisifu. Ni kama mtu wa kawaida anaweza kuitegemea siku anapokuwa mashakani. Kando ya barabara, akiwa amesimamishwa ugenini, shofere wa Bunia ni mtihani halisi wa maazimio hayo.

Kinachohitajika si kikubwa. Fomu moja ya kosa la barabarani yenye Kiswahili pembeni ya Kiingereza au Kifaransa, na orodha fupi ya istilahi inayoweka permi na leseni, amande na faini, plake na namba katika mstari mmoja bila kulidharau hata moja, ingetosha kuanzia. Kazi hiyo yaweza kufanywa na idara za Kiswahili za vyuo vyetu kwa kushirikiana na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar, na wanafunzi wanaotoka pande zote mbili za mpaka ndio watafiti wake wa kwanza. Haitampunguzia dereva adhabu aliyostahili. Itamwezesha kujua ni adhabu gani, ya kosa gani, na kama ndiyo yote anayodaiwa.