Rusumo yatukumbusha uzito wa hadithi

Siku hizi semina nyingi za haki za binadamu huwa na kipindi cha hadithi. Wasaidizi wa sheria, vikundi vya akina mama, vijana wanaodai ardhi yao, wote wanafundishwa kwamba takwimu huingia sikio hili na kutokea lile, lakini hadithi hukaa moyoni. Ni kweli. Walakini kweli hiyo ina upande wa pili, na mahali pa kuuona vizuri ni pale darajani Rusumo, wilayani Ngara.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja hilo kutoka Rwanda. Walikuja na magodoro, masufuria na watoto mgongoni. Chini yao mto Kagera ulikuwa ukipitisha maiti kuelekea Ziwa Victoria. Upande wa Uganda wanavijiji waliopoa maiti hizo kwa maelfu wakazizika. Makaburi yapo Kasensero hadi leo.

Maiti hizo zililetwa na nini? Mapanga, naam. Vita na uchu wa madaraka, naam. Lakini kabla ya panga ilitangulia hadithi, na hadithi hiyo ilianzia jirani kabisa na Rusumo.

Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke, akitafuta chanzo cha mto Nile, alipita nchi ya Wasubi, sehemu za Biharamulo ya leo, akafika Karagwe kwa Mukama Rumanyika. Alipokewa kwa heshima. Lakini kwa mawazo ya Wazungu wengi wa wakati wake, utawala uliopangika vile haukuweza kuwa kazi ya Waafrika wa hapa. Speke akatunga maelezo, kwamba watawala wenye ng'ombe ni watu wa asili nyingine, wametoka Uhabeshi. Ushahidi wa maana hakuwa nao. Kitabu chake kilitoka mwaka 1863, na wengi waliomfuata wakayachukua maelezo hayo kama elimu.

Wabelgiji walipoitawala Rwanda waliitumia hadithi hiyo. Waliwapa Watutsi vyeo na nafasi za shule, ati wao ni watawala wa kuzaliwa, na katika miaka ya 1930 wakaandika kabila la kila mtu kwenye kitambulisho chake, ingawa watu hao lugha yao ni moja na vilima vyao ni vimoja. Baadaye upepo uligeuka. Hadithi haikutupwa, ila iligeuzwa maana. Kama walitoka Uhabeshi, basi ni wageni, na mgeni hurudi kwao. Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, mwanasiasa Léon Mugesera aliwaambia wafuasi wa chama tawala kwamba Watutsi watarudishwa Ethiopia kwa njia ya mkato, yaani kwa mto Nyabarongo. Sasa Nyabarongo humwaga maji yake Kagera, na Kagera ndio huo unaopita Rusumo. Mugesera alihukumiwa kifungo cha maisha nchini mwake mwaka 2016.

Mimi ni mtu wa redio, kwa hiyo yaliyofuata yananigusa zaidi. Redio ya RTLM ilianza kusikika Julai 1993. Haikuwa redio ya kuchosha, la hasha. Ilikuwa na muziki mtamu, utani na lugha ya mtaani. Mmoja wa waanzilishi wake, Ferdinand Nahimana, alikuwa mwalimu wa historia wa chuo kikuu. Mahakama ya Arusha ilimtia hatiani mwaka 2003, na rufani ya mwaka 2007 ilimpunguzia adhabu kutoka kifungo cha maisha hadi miaka 30. Msomi wa historia alijua nguvu ya hadithi kuliko sisi sote.

Je, tuache kusimulia? Hapana. Mwaka 1995 Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera hapo hapo Ngara, ili wakimbizi na wenyeji wasikie habari kwa lugha zao. Kwizera maana yake ni matumaini. Na mwaka 2004 redio ya Rwanda ilianza kurusha mchezo wa Musekeweya, kisa cha vijiji viwili vinavyogombana, Bumanzi na Muhumuro.

Mtafiti wa Marekani, Elizabeth Levy Paluck, aliwafuatilia wasikilizaji wa mchezo huo kwa mwaka mmoja. Imani zao za moyoni hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni kwamba walithubutu zaidi kusema mawazo yao na kupingana hadharani. Mwishoni kila kikundi kilipewa redio kaseti na kanda za mchezo. Waliokuwa wakisikiliza mchezo mwingine, wa mambo ya afya, walielekea kumwachia kiongozi wao aitunze. Wale wa Musekeweya walijadiliana, wakaelekea kuitunza kwa pamoja.

Jambo hilo si geni kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, walifanya kazi ya maigizo na wanakijiji wa Malya, wilayani Kwimba. Wanakijiji ndio waliochunguza matatizo yao, ndio walioigiza, na baada ya igizo watu walikaa wakajadili. Bila mjadala ule, igizo lingekuwa burudani tu, au mahubiri.

Tusidhani kwamba hadithi ya mgeni imeishia ng'ambo ya mto. Mwaka 2013, katika zoezi la kuwaondoa wahamiaji haramu, maelfu waliondoka au waliondolewa Kagera na mikoa jirani, na miongoni mwao wamo walioishi hapa miaka mingi, wakaoa na kuolewa. Wangapi kati yetu tulisikia majirani wakiitwa wageni, tukaitikia bila kuuliza lolote?

Kwa hiyo nawaomba wanaoendesha semina hizo wajipime. Hadithi inayomtoa mtu machozi haijawa ya haki kwa sababu ya machozi hayo, kwani hata RTLM iliwagusa watu. Mkufunzi akisema "Paukwa", asiridhike na "Pakawa" ya ukumbi mzima. Amsubiri yule mama wa kiti cha nyuma anyooshe mkono na kumwuliza: mwanangu, hayo umeyatoa wapi? Na akiulizwa, asikasirike.