Anayesimulia ni Aliyepona

Mbele ya nyumba yangu, hapa wilayani Muheza, upo mwarobaini nilioupanda mwenyewe nilipohamishiwa huku nikiwa mwalimu kijana. Haipiti wiki bila mtu kubisha hodi kuomba majani. Wengine huja kwa ajili ya homa, wengine upele, wengine tumbo. Huwapa, kwani majani ya mti si kitu cha kumnyima jirani. Lakini mwenye mtoto mgonjwa simpi mpaka aniambie amekwisha kumpeleka kupimwa damu. Wajukuu zangu huniuliza kwa nini babu ana masharti kama mganga. Maelezo haya ndiyo jibu langu kwao, na kwa msomaji yeyote aliyewahi kukaa barazani akasikiliza ule ubishi usiokwisha: dawa ya miti shamba na dawa ya hospitali, ipi bora?

Wabishi wa barazani hugawanyika pande mbili. Wa kwanza husema kuwa dawa za miti ni zetu, tumeachiwa na babu zetu, na vidonge ni vya wageni. Wa pili husema vidonge ni sayansi na majani ni ushamba. Historia haikubaliani na upande wowote. Mwarobaini wenyewe, tuliouita hivyo kwa kuamini kwamba hutibu maradhi arobaini, asili yake ni Bara Hindi. Ulivuka bahari kama mwembe ulivyovuka. Na kwinini, ambayo wazee wetu waliiita dawa ya kizungu, asili yake si Uzunguni. Hutoka katika gome la mti wa milima ya Andes, huko Amerika ya Kusini.

Mti huo, yaani mkwinini, haukuishia huko. Ukitoka Muheza mjini ukapanda milima ya Usambara Mashariki utafika Amani. Hapo Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902, wakapanda miti ya kila pembe ya dunia, mkwinini ukiwa mmojawapo. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, manowari za Waingereza zilifunga pwani, na dawa kutoka Ulaya zikawa haba mno. Amani ikageuka jiko la dawa. Magome yalibanduliwa, yakatengenezwa kwinini, ikapelekwa kwa askari wa von Lettow-Vorbeck waliokuwa porini. Je, ndugu msomaji, hiyo ilikuwa dawa ya miti au dawa ya kisasa?

Huko Ulaya nako gome hilo lilizua ubishi kama wetu. Lilifika katika karne ya 17 kwa mikono ya mapadre Wajesuiti, na kwa sababu hiyo Waprotestanti wengi wa Uingereza walilishuku. Akatokea mtu mmoja, Robert Talbor, aliyejigamba kuwa na dawa ya siri ya homa, huku akiwaonya watu juu ya hatari ya unga wa Wajesuiti. Alimtibu Mfalme Charles wa Pili, akatunukiwa cheo. Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa akainunua siri yake kwa sharti kwamba haitatangazwa mpaka mwenyewe afe. Talbor alifariki mwaka 1681. Siri ilipofunuliwa, ikaonekana kuwa kiini cha dawa ni gome lile lile, limechanganywa na mvinyo. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba uganga wa siri ni tabia ya Mwafrika peke yake.

Mwaka 1820, mjini Paris, Pelletier na Caventou waliitenga kwinini kutoka katika gome. Kabla ya hapo mgonjwa mmoja alipata gome kali, mwingine hafifu, na hakuna aliyejua kiasi gani cha dawa kimeingia mwilini. Sasa dawa iliweza kupimwa kwa mizani. Mti ulikuwa ule ule. Kilichoongezeka ni kipimo.

Haya yote niliyasoma baadaye. Mwaka 1984 sikuyajua, ingawa nilikuwa mwalimu mkuu na watu waliamini najua kila kitu. Ilikuwa miaka ya shida, na zahanati yetu mara nyingi haikuwa na klorokwini. Msimu wa masika niliugua homa. Nikachemsha mwarobaini, nikanywa kikombe asubuhi na jioni, na siku ya tatu nikasimama. Kwenye mkutano wa wazazi nikatoa ushuhuda. Niliwaambia kuwa tusingoje vidonge vya kuletewa, dawa tunayo uani. Walinipigia makofi.

Haukupita mwezi, jirani yangu, mkulima wa michungwa, alinijia jioni. "Mwalimu, mdogo wangu wa mwisho ana homa. Naomba yale majani." Nilimkatia tawi kwa mkono wangu, nikamweleza namna ya kuchemsha. Kesho yake akaniambia mtoto amepata nafuu, amecheza. Keshokutwa yake degedege likamshika. Wazee wakasema asipelekwe hospitali, kwa kuwa mtoto mwenye degedege akichomwa sindano hufa. Usiku tulipopata gari hatimaye, hatukufika naye. Alikuwa na miaka minne.

Siwezi kusema kwamba mwarobaini ulimuua, wala siwezi kuapa kwamba hospitali ingemwokoa. Ninachojua ni kwamba tulipoteza siku mbili, na siku hizo nilizitoa mimi, pamoja na lile tawi.

Miaka mingi baadaye daktari mmoja alinifafanulia kwa utulivu yale ambayo yalinipita. Homa ya malaria huja na kuondoka. Vimelea huzaliana ndani ya chembe nyekundu za damu, huzipasua na kutoka, kwa kawaida kila baada ya saa 48 hivi. Katikati mgonjwa aweza kupumua na kudhani amepona. Isitoshe, mtu mzima aliyekulia Muheza ameumwa na mbu tangu utoto, na mwili wake umejifunza kupambana. Mara nyingi hupona, awe amekunywa mwarobaini, chai ya tangawizi au maji matupu. Mtoto mdogo hana kinga hiyo. Mimi nilipona kwa kinga ya mwili wangu, nikaushukuru mti. Kisha nikampa mti huo mtoto asiyekuwa na kinga.

Hata ile hofu ya sindano ilikuwa na chanzo chake. Watoto wa degedege walifikishwa hospitali wamekwisha kuzidiwa, wakachomwa sindano, wakafa. Watu waliona sindano na kifo, hawakuona siku zilizopotea nyumbani. Walihesabu, lakini walianzia hesabu mahali pasipo penyewe.

Hapa ndipo ninapoona mzizi wa jambo lote. Aliyepona hurudi barazani akasimulia. Aliyekufa harudi. Ukisikiliza ushuhuda peke yake, kila dawa duniani inaponya.

Dawa ya hospitali nayo hushindwa, tena vibaya. Klorokwini tuliyoililia miaka ile ilikuja kuzidiwa na vimelea sugu. Lakini kulikuwa na watu waliokaa na madaftari, wakaandika wangapi walitibiwa na wangapi homa iliwarudia, na kwa hesabu hiyo Tanzania Bara iliacha kuitegemea mwaka 2001. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2006 tukapata dawa mseto. Nayo ilitoka wapi? Katika majani. Huko China, Tu Youyou alisoma kitabu cha tiba cha Ge Hong cha karne ya 4, kilichoagiza mmea wa artemisia uloweshwe katika maji na kukamuliwa. Akang'amua kwamba huenda kuchemsha ndiko kunakoiua dawa. Mwaka 1971 akaitoa bila moto mkali, ikafanya kazi. Akainywa yeye kwanza kabla ya kuwapa wagonjwa. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Hakuwadharau wazee wa zamani, wala hakuwaamini kwa macho yaliyofumbwa.

Mwaka 2011 nilipoona magari yakielekea Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, moyo wangu ulirudi 1984. Kikombe kilikuwa shilingi 500, na sijapata kumsikia mtu akidai kwamba mzee yule alitafuta utajiri. Wakubwa kwa wadogo walikunywa, na shuhuda zilijaa magazetini. Lakini wapo waliotolewa vitandani hospitalini wakafia njiani au katika foleni, na wapo walioacha dawa zao za UKIMWI. Hao hawakutoa ushuhuda. Mchungaji alifariki mwaka 2021, na foleni ile ilikuwa imekwisha siku nyingi.

Sijaukata mwarobaini wangu. Muhimbili ipo taasisi inayochunguza dawa za asili tangu mwaka 1974 ilipoanza kama kitengo cha utafiti, na naamini misitu yetu bado ina siri za kutufaa. Ila mtu akikuletea dawa, iwe ya chupa, ya kidonge au ya gome, usimwulize imetoka wapi. Mwulize wangapi waliitumia, wangapi haikuwafaa, na nani aliyewaandika. Asipokuwa na jibu la swali la pili, usimpe mtoto.

Baba wa mtoto yule bado ni jirani yangu. Hajanilaumu hata siku moja, na bado huniita Mwalimu. Kila anaponiita hivyo, hukumbuka kwamba kuna somo moja nililolifundisha kabla sijalisoma.