Mafunzo ya kuzuia kujiua: Jirani anavyoweza kuokoa maisha

SHIRIKA la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa zaidi ya watu 720,000 hujiua kila mwaka ulimwenguni, na takriban robo tatu ya vifo hivyo hutokea katika mataifa ya mapato ya chini na ya wastani.

Katika mataifa hayo, Kenya ikiwemo, madaktari wa akili ni wachache na wengi wao wako mijini. Kwa hivyo, anayeziona dalili za kwanza huwa si daktari, bali ni jirani, mwalimu, mhubiri, mwanachama wa chama au mhudumu wa bodaboda. Hao ndio wanaolengwa na mafunzo ya kijamii ya kuzuia kujiua, ambayo huchukua saa chache au siku mbili.

Hatua ya kwanza ni kutambua dalili. Miongoni mwazo ni mtu kusema amekuwa mzigo kwa wengine, kujitenga, kulewa kupita kiasi, kugawa vitu anavyovithamini au kuaga watu bila sababu.

Hatua ya pili, ambayo huwatia wengi hofu, ni kuuliza waziwazi: "Je, umekuwa ukifikiria kujiua?" Wengi huamini kwamba swali hilo litampandia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Utafiti umeonyesha kuwa sivyo. Aghalabu anayeulizwa hupata nafuu kwa kuwa hatimaye amepata wa kumsikiliza.

Tatu ni kusikiliza bila kuhukumu. Maneno kama "jikaze" au "wenzako wana shida kubwa zaidi" humfanya mhusika anyamaze.

Mwisho, aliye hatarini hapaswi kuachwa peke yake, wala siri ya aina hii haiwekwi. Anapaswa kusindikizwa hadi kituo cha afya, na vitu vinavyoweza kumdhuru viondolewe karibu naye. Katika maeneo ya kilimo, kuzifungia dawa za kuua wadudu ni jambo la lazima. Nchini Sri Lanka, idadi ya wanaojiua ilipungua kwa takriban asilimia 70 tangu miaka ya 1990 baada ya serikali kupiga marufuku dawa zenye sumu kali zaidi.

Kwamba mtu asiye daktari anaweza kusaidia si nadharia tu. Nchini Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianzisha mpango wa Friendship Bench mnamo 2006 kwa kuwafunza nyanya 14 wa mtaa wa Mbare, Harare, kuwasikiliza wagonjwa wakiwa wameketi nao kwenye benchi. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa waliohudumiwa chini ya mpango huo walipata nafuu kuliko waliopewa huduma za kawaida.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hata hivyo, nchini Kenya sheria yenyewe ilimlazimisha mgonjwa kuficha. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, na adhabu yake ilikuwa kifungo cha hadi miaka miwili. Aliyenusurika aliogopa kusema ukweli hospitalini, nayo familia ikasingizia ajali. Mnamo Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba.

Aidha, Mkakati wa Kitaifa wa Kuzuia Kujiua wa 2021-2026 uliweka lengo la kupunguza vifo hivyo kwa asilimia 10. Tangu 2023, takriban wahudumu 100,000 wa afya ya jamii wamekuwa wakitembelea familia nyumbani. Wakipata ujuzi huu, msaada utafika hata palipo mbali na hospitali.

Anayehitaji msaada, au anayemhofia mwenzake, anaweza kupiga nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya bila malipo, au kwenda katika kituo cha afya kilicho karibu.