Utafiti wa Kitaifa wa Wanafunzi (Uingereza)

Utafiti wa Kitaifa wa Wanafunzi ni dodoso la kila mwaka linalokusanya maoni ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza nchini Uingereza. Ulianza mwaka 2005. Maswali yake yanahusu ufundishaji, upimaji na mrejesho, msaada wa kitaaluma, mpangilio wa programu na vifaa vya kujifunzia.

Matokeo ya programu huchapishwa ikiwa waliojibu ni angalau 10 na wanafikia nusu ya walengwa. Gazeti la The Guardian huyatumia kupanga vyuo kwa kila somo. Tangu 2017 huchangia pia tathmini ya ufundishaji inayotoa daraja za dhahabu, fedha na shaba.

Mwaka huohuo chama cha kitaifa cha wanafunzi kiliususia utafiti, kikipinga matokeo kuhusishwa na ada. Oxford na Cambridge hazikufikia kiwango cha majibu kinachotakiwa. Mwaka 2023 swali la kuridhika kwa jumla liliondolewa England pekee.

Alama za utafiti huu hupima maoni ya wanafunzi, si kiasi walichojifunza. Katika programu ndogo, majibu ya wachache huweza kubadili nafasi yake.