Ufunguo wa Pikipiki na Historia Yake

Mtu wa Matambarale akitaka kwenda Ruangwa mjini, au kumpeleka mgonjwa hospitali, au kufikisha gunia la ufuta ghalani, siku hizi mara nyingi hupanda pikipiki. Kijana mwenye chombo hutia ufunguo mdogo katika tundu lililo mbele ya usukani, huugeuza, hupiga kiki, na mara mashine hunguruma. Kitendo hiki ni chepesi hata hakuna akifikiriye. Lakini ndani ya tundu lile imewekwa kazi ya akili ya miaka mingi, nami naona yafaa tujue habari zake, maana kitu usichojua kilikotoka ni rahisi kukiharibu kwa mkono wako mwenyewe.

Mwezi uliopita nilipita chini ya mwembe mmoja, mahali anapofanyia kazi fundi wa pikipiki. Palikuwa na kijana aliyeleta pikipiki ya mkataba, yaani chombo ni cha tajiri, naye humlipa hesabu kila juma mpaka fedha zitimie, kisha kiwe chake. Swichi ilikuwa imechakaa, ufunguo haukugeuka tena. Fundi akakata waya za nyuma ya swichi, akaziunga na kiswichi kidogo cha kubonyeza, kama kile cha taa ya nyumbani. Kazi ilikwisha kwa robo saa, na malipo yalikuwa haba. Nikamwuliza kijana, "Sasa usiku utaifungaje?" Akacheka, akanijibu, "Mwalimu, hapa kijijini sote twajuana." Nikaenda zangu, lakini neno lile halikuniondoka, na ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Pikipiki ya kwanza iliyokwenda kwa petroli ilitengenezwa Ujerumani katika mwaka 1885 na Gottlieb Daimler pamoja na msaidizi wake Wilhelm Maybach. Mwili wake ulikuwa wa mti, wenye magurudumu mawili makubwa na mawili madogo ya kando yasiyoiacha ianguke. Chombo hicho hakikuwa na umeme hata kidogo. Petroli iliwashwa kwa kibomba kilichotiwa moto kwa nje na taa ndogo, mpaka kikawa chekundu. Aliyetaka kusafiri aliwasha taa ile kwanza, na aliyetaka kusimamisha mashine aliizima. Basi swichi haikuwako, wala ufunguo haukuwako.

Katika miaka ya 1890 mafundi wa De Dion-Bouton huko Ufaransa walitumia njia nyingine katika vyombo vyao vya magurudumu matatu. Walitia betri na koili. Betri hutoa umeme mdogo, koili huuongezea nguvu, na umeme ule huruka katika plagi kama cheche, nayo cheche huwasha petroli. Njia hiyo ilikuwa nzuri, ila betri za siku zile zilikuwa dhaifu. Mtu akishuka na kusahau kukata umeme, alirudi akakuta betri imekwisha, asiwe na njia ya kwenda kwake. Kwa ajili hiyo wenye vyombo vya betri waliwekewa kiziba kidogo cha shaba katika njia ya umeme. Walipofika waendako walikichomoa, wakakitia mfukoni. Huyo ndiye babu wa ufunguo wa pikipiki. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuilinda betri isiishe. Kumzuia mwizi lilikuwa jambo la pili.

Baadaye babu huyo akasahauliwa, kwa sababu ilipatikana njia isiyohitaji betri. Mjerumani Robert Bosch alikuwa ametengeneza magneto tangu mwaka 1887 kwa mashine zisimamazo mahali pamoja, na katika mwaka 1897 aliijaribu katika chombo cha De Dion cha magurudumu matatu. Mwaka 1902 fundi wake Gottlob Honold alifaulu kutengeneza magneto yenye nguvu ya kurusha cheche katika plagi. Magneto ni sumaku na waya uliozungushwa mara nyingi. Mashine ikizunguka, magneto hufanya umeme wake yenyewe. Maadamu mashine inakwenda, cheche haikosi.

Hapa msomaji na aangalie sana, maana hapa ndipo penye kiini cha habari hii. Taa ya nyumbani huwaka waya zikiungana, na huzimika zikiachana. Magneto ni kinyume chake. Ili kuizima, sharti umeme wake uelekezwe kwenye chuma cha mwili wa pikipiki, upotee huko usifike kwenye plagi. Basi waya zikiungana, mashine huzimika. Zikiachana, mashine hwenda. Mwizi hakuhitaji kufungua kitu chochote. Alisukuma pikipiki, akarukia, akaenda zake.

Wengine watauliza, mbona watengenezaji waliridhika na hali hiyo? Jibu twaweza kulipata katika vita. Mwaka 1916 kikosi cha waendesha pikipiki wa Afrika ya Kusini kilipigana katika nchi hii, katika vita ile ile iliyofika kwetu kusini na kuua watu wengi sana huko Mahiwa, karibu na Nyangao, mwezi wa Oktoba 1917. Mtu apitaye porini katika vita haogopi kuibiwa kama aogopavyo mashine kuzimika njiani. Na magneto ilikuwa na tabia njema kwake: waya wa kuzimia ukikatika kwa mawe au kwa miiba, mashine haifi, huendelea. Kuharibika kwa swichi hakumzuii msafiri. Basi kile kilichomfaa mwizi ndicho kilichomfaa na mwenye safari.

Habari ya taa ilikwenda kwa njia yake. Pikipiki nyingi za zamani zilikuwa na taa za kabaidi, ambazo maji hudondokea jiwe la kabaidi, likatoa gesi iwakayo. Mwaka 1914 kampuni ya Indian ya Marekani ilitoa pikipiki yenye taa za umeme na mtambo wa kuanzishia mashine, lakini betri zikashindwa na kazi ile. Mwaka 1915 kampuni ya Harley-Davidson, nayo ya Marekani, ilianza kuuza pikipiki zenye taa za umeme. Katika miaka ya 1920 kampuni ya Lucas ya Uingereza iliunganisha magneto na dainamo katika chombo kimoja, na swichi ya taa yake ilikuwa na mahali panne: kuzima, kutia betri umeme, taa ndogo, na taa kubwa. Mwendeshaji mwenyewe ndiye aliyeamua lini betri ilishwe. Lakini tazama ajabu: taa zilikuwa na swichi yake, na moto wa mashine uliachwa bila mlinzi.

Hatimaye mafundi wakaona kwamba mambo haya mawili yafaa kutiwa katika mkono mmoja. Kazi hiyo si nyepesi kama mtu adhanivyo. Mchana mwendeshaji ataka mashine bila taa. Usiku ataka vyote viwili. Akisimama kando ya barabara katika giza, ataka taa ndogo iwake na mashine isiweze kuwashwa. Akiondoka ataka vyote vife, na ufunguo utoke. Tena ufunguo usitoke wenyewe chombo kinapokwenda katika mashimo, mvua isiingie, vumbi lisizuie. Haya yote sharti yakae katika kitu kisichozidi ngumi ya mtoto.

Kila nchi ilijaribu kwa njia yake. Pikipiki za BMW za Ujerumani, tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili hata miaka ya 1970, zilikuwa na ufunguo mfano wa msumari, uliosukumwa ndani ya taa ya mbele. Kuusukuma kuliruhusu moto, kuugeuza kuliwasha taa. Ni busara nyingi, lakini ufunguo ulikuwa wa namna moja kwa pikipiki zote, hata msumari wa kweli uliweza kufanya kazi yake. Harley-Davidson ya mwaka 1936 iliwekewa swichi juu ya tangi, mbele ya macho ya mwendeshaji. Na pikipiki ya Triumph ya Uingereza iitwayo Speed Twin, ya mwaka 1953, ilirudi kwenye betri na koili, ikawa na swichi moja ya Lucas: kitu cha kugeuza taa kilikuwa nje, na ufunguo wa moto katikati. Tena waliongeza mahali pa dharura, ili mtu ambaye betri yake imekufa aweze kuwasha mashine afike nyumbani. Fikiri jambo hili vema. Walipofunga mlango mbele ya mwizi, walikumbuka kumwachia mwenye nyumba dirisha.

Kufuli lenyewe ni la kale kuliko pikipiki. Wamisri wa zamani walikuwa na makomeo ya mti yenye vijiti vilivyoanguka na kuzuia, mpaka ufunguo uviinue. Mmarekani Linus Yale mdogo alilifanya wazo hilo kuwa kufuli dogo la chuma, akapata hati zake katika mwaka 1861 na mwaka 1865. Katika pikipiki nyingi vijiti vile vimekuwa vibao vyembamba vya shaba, na meno ya ufunguo huvipanga sawasawa ili silinda igeuke. Vumbi likijaa humo, au vibao vikilika, hata ufunguo wa haki hukataliwa. Hayo ndiyo yaliyompata kijana wa mwembeni.

Sasa tuitazame swichi ya pikipiki ndogo tunazoziona hapa. Katika nyingi, nyuma yake mna waya nne. Ufunguo ukigeuzwa kuwasha, waya mbili za betri huungana, na zile mbili za kuzimia mashine huachana. Ukigeuzwa kuzima, hufanyika kinyume chake. Yaani kitendo kimoja cha mkono huunga huku na kukata kule. Lakini mengi ya mashine hizi bado hupata cheche kwa umeme wa mashine yenyewe, na ile tabia ya magneto ya mwaka 1902 bado imo. Ukiwa ni wa namna hiyo, mtambo ulioachwa bila waya wa kuzimia huwaka kwa kiki bila ufunguo. Mwizi ajuaye hilo hagusi kufuli. Hufuata waya nyuma yake.

Watengenezaji nao walilijua, wakaongeza kinga. Kwanza walitia komeo la chuma katika swichi ile ile: usukani ukipindwa na ufunguo kugeuzwa, komeo hutoka na kuushika usukani, na komeo halidanganywi kwa waya. Watengenezaji wengine wa Japani walificha ndani ya swichi risista, yaani kizuizi kidogo cha umeme, hata anayeunga waya tupu asiweze kuwasha mashine. Kisha kikaja kidude kitiwacho katika kichwa cha ufunguo, ambacho mtambo hukitambua kama mtu atambuavyo sauti ya nduguye. Katika Uingereza, tangu mwaka 1998, magari madogo mapya yalilazimishwa kuwa na kizuizi cha umeme dhidi ya wezi. Pikipiki zetu nyingi hazina haya ya mwisho. Zina komeo la usukani na swichi tu.

Basi twaona kwamba katika miaka hii yote mafundi walikuwa wakijibu swali moja: swichi ikiharibika, ishike au iachie? Ikishika, mwizi hushindwa, lakini mgonjwa aweza kubaki njiani usiku. Ikiachia, safari haikatiki, lakini mali haina mlinzi. Hakuna jibu lisilo na gharama. Aliyebuni kila swichi alipima hatari hizi mbili, akachagua.

Fundi wa mwembeni naye alichagua, ila hakujua kwamba anachagua. Kwa kiswichi cha kubonyeza aliondoa kufuli, akaondoa na komeo la usukani, maana silinda haigeuki tena. Yote yaliyopatikana kwa miaka mingi yaliondoka kwa robo saa. Na tena kiswichi kile hakikufanywa kwa mvua wala kwa mashimo. Kikilegea usiku katika mteremko, taa na moto wa mashine vyaweza kufa pamoja, na abiria yuko nyuma.

Ndugu wasomaji wenye pikipiki, au wenye watoto wazitumiao, haya ndiyo maombi yangu. Swichi ikianza kukataa ufunguo, isafishwe mapema. Ikiwa imekufa, inunuliwe nyingine iliyofanywa kwa pikipiki ya namna ile, pamoja na funguo zake. Usukani ufungwe kila mnaposhuka, hata kama ni kwa kununua chumvi dukani. Na fundi akisema ataunga waya moja kwa moja, mwulizeni kwanza ni kitu gani atakachokiondoa.

Kijana yule bado anabonyeza kiswichi chake. Pikipiki haijaibiwa, nami naomba isiibiwe. Lakini mkataba haujaisha, na chombo si chake bado. Kikipotea leo, deni litabaki naye, na kusema kwamba kijijini sote twajuana hakutamlipia.