Kanzidata

Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo ya kidato cha nne, steshenari za Igogo, Mwanza, hujaa vijana. Kila mmoja anaijua namba yake kwa moyo: herufi S, tarakimu nne za shule, mkwaju, kisha tarakimu nne za kwake. Mhudumu anabofya jina la shule na jedwali linafunguka, halina picha wala mapambo: namba, jinsi, pointi, daraja, na masomo yote katika mstari mmoja. Anachapa, anamwita anayefuata.

Jedwali lile linatokana na data nyingi sana, lakini ukurasa wenyewe si kanzidata. Ni faili iliyoandaliwa mapema, moja kwa kila shule, na anwani yake inaishia na htm. Nchi nzima ikiifungua saa ileile, seva haitafuti wala haikokotoi chochote. Inatoa nakala tu. Kanzidata ni data iliyopangwa pamoja na programu inayoilinda, inayoamua nani asome na nani abadilishe, na inayojibu kila ulizo linapofika. Mpangilio wa majedwali yanayohusiana, ambao kanzidata nyingi zinaufuata hadi leo, uliasisiwa na Edgar Codd wa IBM mwaka 1970.

Wapo wanaoandika hifadhidata, nao hawakosei. Mimi nachagua kanzidata. Kanzi ni hazina, na hazina ina mlinzi anayejua kilichomo. Hifadhi inataja kuweka tu, ilhali kazi kubwa hapa ni kujibu.

Na kujibu ndiko kunakogharimu, si programu yenyewe. Kijana wa Igogo anayetaka kufungua tovuti ya nyumba za kupanga jijini Mwanza hana haja ya kununua leseni. MySQL, programu ya bure ya kanzidata, ilianza Sweden mwaka 1995, na Michael Widenius akaipa jina la binti yake, My. Kampuni ya Oracle ilipoimiliki mwaka 2010, Widenius alikuwa ameshaanzisha tawi huru, MariaDB, lenye jina la binti yake mdogo. Lugha ya skripti ya PHP, iliyotolewa na Rasmus Lerdorf mwaka huohuo wa 1995, nayo ni ya bure. Ushahidi, jukwaa lililoanza kwa kukusanya taarifa za ghasia za baada ya uchaguzi Kenya mwaka 2008, limejengwa kwa PHP na MySQL. PostgreSQL pia ni ya bure, na ndiyo inayobeba DHIS2, mfumo ambao Wizara yetu ya Afya inautumia kukusanya takwimu za vituo vya afya.

Kinacholipiwa kila mwezi ni seva, na ukubwa wa seva unategemea maulizo. Mtu akitafuta nyumba za kata ya Igogo katika jedwali lisilo na faharasa, yaani orodha inayoonyesha kila kata iko katika safu zipi, programu inasoma safu zote kuanzia ya kwanza, hata za Buhongwa na Nyegezi. Wakija watu mia kwa pamoja, inasoma mara mia. Andika neno EXPLAIN mbele ya ulizo lako katika MySQL: ukiona ALL chini ya type, ndicho kinachotokea. Weka faharasa kwenye safuwima ya kata kabla hujafikiria kuhamia seva kubwa. Wengi wanalipia kumbukumbu zaidi wakati mstari mmoja wa amri ungetosha, na fedha hiyo inaniuma.

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni PHP na MariaDB, kwa kuwa vifurushi vya bei nafuu vya kupangisha tovuti mara nyingi huja navyo tayari. Mwenye seva yake mwenyewe aitazame PostgreSQL. Na kama tovuti ni ya bei za dagaa na sangara za soko la Mwaloni, mtu mmoja akiziingiza asubuhi na wengine wote wakisoma tu, SQLite inatosha: kanzidata nzima ni faili moja. Au afanye kama Baraza la Mitihani, aandae ukurasa mara moja kila asubuhi, na kanzidata isiulizwe tena hadi kesho yake.