Kuitafuta parokia ya babu: nasaba za Waairishi waliotawanyika

Tarehe 23 Mei 2011 Rais Barack Obama wa Marekani alizuru kijiji cha Moneygall, katika kaunti ya Offaly, katikati ya Ireland. Moneygall ni kijiji cha watu wapatao 300. Kilichompeleka huko ni habari za kijana mmoja, Falmouth Kearney, mwana wa fundi viatu, aliyeondoka kijijini hapo mwaka 1850 akiwa na umri wa miaka 19 na kuvuka bahari hadi New York. Kearney ni babu yake Obama, vizazi vitano nyuma, kwa upande wa mama.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaufahamu zaidi upande wa pili wa nasaba hiyo, ule wa Kogelo, magharibi mwa Kenya. Huko hapakuhitajika daftari. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1995, Obama anaeleza jinsi alivyoketi na kumsikiliza bibi yake, Mama Sarah, akimtajia mababu wa ukoo, mmoja baada ya mwingine. Kwa upande wa Ireland ilibidi karatasi ziseme. Mwaka 2007 watafiti wa nasaba waliufuata mkondo wa karatasi hizo kutoka Marekani hadi Moneygall, na kasisi wa Kanisa la Ireland, yaani la Kianglikana, akafungua vitabu vya kale vya parokia na kuwakuta humo akina Kearney.

Mamilioni ya watu wa Marekani, Canada, Australia na Uingereza wana babu kama huyo. Walio wengi hawajapata kujua alitoka wapi.

Neno moja lisilotosha

Kati ya mwaka 1845 na 1852 ugonjwa wa viazi uliangamiza chakula kikuu cha maskini wa Ireland. Watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na wengine wapatao milioni moja wakahama. Sensa ya mwaka 1841 ilihesabu watu zaidi ya milioni 8.1, ile ya 1851 iliwakuta takriban milioni 6.5. Kuhama hakukukoma njaa ilipokwisha. Kuliendelea hata baada ya karne ya 20 kuanza, na kila aliyetangulia alituma nauli ya kumvuta ndugu au jirani aliyebaki nyuma.

Mhamiaji alipofika ng'ambo na karani akamwuliza alikozaliwa, jibu lililoandikwa mara nyingi lilikuwa neno moja tu: Ireland. Neno hilo ndilo lililorudiwa katika sensa za Marekani, katika vyeti vya ndoa, na hatimaye katika cheti cha kifo. Kwa mtafutaji wa leo halisaidii, kama vile isivyosaidia kuambiwa umtafute Juma bin Ali wa pwani.

Sababu yake ni hii. Serikali ilianza kuandikisha vizazi, vifo na ndoa zote nchini Ireland tarehe 1 Januari 1864. Kabla ya hapo, tangu mwaka 1845, ziliandikishwa ndoa za wasio Wakatoliki peke yake. Basi Mkatoliki aliyezaliwa mwaka 1825 na kuondoka wakati wa njaa hana cheti cha serikali kinachothibitisha kuzaliwa kwake. Alama yake, kama ipo, ni mstari mmoja katika daftari la ubatizo la parokia yake, na madaftari hayo yaliwekwa parokia kwa parokia. Asiyeijua parokia hajui afungue lipi.

Moto wa Dublin

Mtafutaji wa nasaba ya Ireland husikia mapema sana habari za tarehe 30 Juni 1922. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimeanza siku mbili tu kabla yake. Majeshi ya serikali mpya yalikuwa yakiwashambulia wapinzani wa mkataba na Uingereza waliokuwa wamejifungia katika majengo ya mahakama ya Four Courts, kando ya mto Liffey. Jengo la hifadhi ya nyaraka za taifa lilikuwa humo humo. Mlipuko na moto viliteketeza kumbukumbu za karne saba: wosia, mashauri ya mahakama, karibu sensa zote za mwaka 1821, 1831, 1841 na 1851, na madaftari ya zaidi ya nusu ya parokia za Kanisa la Ireland.

Moto huo, hata hivyo, umebebeshwa lawama kupita kiasi. Sensa za mwaka 1861 na 1871 ziliharibiwa zamani kwa amri ya serikali yenyewe, na zile za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza ili karatasi itumike tena. Makarani waliharibu bila kufyatua risasi hata moja. Zaidi ya hayo, madaftari ya Wakatoliki, waliokuwa wengi wa wananchi, hayakuwamo kabisa Four Courts. Yalikuwa makanisani, mikononi mwa mapadri, na hivyo yakasalimika.

Tangu Juni 2022, miaka mia moja kamili baada ya moto, mradi ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Trinity cha Dublin umekuwa ukizikusanya katika mtandao nakala za nyaraka zilizopotea, kutoka hifadhi mbalimbali duniani.

Pia kuna habari ya pensheni, ambayo wengi huipita bila kuitazama. Mwaka 1909 serikali ya Uingereza, iliyoitawala Ireland wakati huo, ilianza kuwalipa pensheni wazee waliotimiza miaka 70. Wazee hao hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa, kwa hiyo waliomba makarani wa Dublin wawatafutie majina yao, wakiwa watoto, katika sensa za 1841 na 1851. Sensa zenyewe zikaja kuteketea, lakini nyingi ya fomu za maombi zilibaki, na baadhi zina majina ya wazazi na kitongoji cha familia. Athari ya pensheni inaonekana pia ukilinganisha sensa ya 1901 na ya 1911: wapo wazee wengi walioongezeka umri kwa miaka 15 au zaidi katika muda wa miaka kumi. Asishangae mtafutaji akikuta umri wa bibi yake unabadilika kila karatasi.

Anzia alikofia

Kosa la wanaoanza ni kukimbilia Ireland. Jina la parokia, likipatikana, hupatikana mara nyingi kule mhamiaji alikoishia.

Jiwe la kaburi ni la kwanza. Watu ambao karani aliwaandika "Ireland" tu walichongewa na watoto wao jina la kaunti, na wakati mwingine la parokia, juu ya kaburi. Daftari la ndoa la kanisa la Kikatoliki huko Marekani nalo huweza kusema zaidi ya cheti cha serikali, kwa kuwa padri mwenyewe aliyeliandika mara nyingi alikuwa mzaliwa wa Ireland na alijua tofauti ya Mayo na Monaghan. Hati za kuomba uraia wa Marekani zilizoandikwa kabla ya mwaka 1906 kwa kawaida hazitaji mahali pa kuzaliwa. Za baada ya hapo hutaja.

Mjini New York ipo hazina ya aina yake: vitabu vya benki ya akiba ya wahamiaji, Emigrant Savings Bank, iliyoanzishwa mwaka 1850. Wateja wengi hawakujua kuandika, na sahihi haikuweza kuwatambulisha. Karani akawa anawauliza mambo ambayo mwizi hawezi kuyajua: umezaliwa parokia gani, baba na mama ni nani, ndugu wako wangapi na wako wapi, ulikuja na meli gani. Majibu yaliandikwa yote. Hati hizo zimehifadhiwa katika Maktaba ya Umma ya New York.

Boston kulikuwa na gazeti la Kikatoliki, The Pilot. Kuanzia mwaka 1831 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920 lilichapisha safu ya kuwatafuta waliopotea. Mke anamtafuta mume aliyekwenda kujenga reli na hajaandika tena. Mama anauliza habari za mwana. Ndugu aliyeshuka melini jana anamtafuta dada yake. Ili mtu asichanganywe na mwingine, tangazo lilitaja kaunti, parokia, na pengine hata kitongoji. Wasikilizaji wa zamani wa redio za Afrika Mashariki, waliozoea matangazo ya aina hiyo jioni, wataitambua lugha yake mara moja.

Na ikiwa babu mwenyewe hakuacha alama, watafutwe ndugu zake, wasimamizi wa ubatizo wa watoto wake, na majirani waliozikwa karibu naye. Watu wa parokia moja walihama pamoja na kuishi mtaa mmoja.

Kitongoji, parokia na majina yaliyobadilika

Ireland imegawanywa katika kaunti 32, ambazo 26 ziko katika Jamhuri na 6 katika Ireland ya Kaskazini. Chini ya kaunti kuna parokia, na chini ya parokia kuna vitongoji zaidi ya 60,000, vingine vikiwa na eka chache tu. Kitongoji ndicho watu walichokiita kwao. Ugumu ni kwamba parokia ni za aina mbili. Kuna parokia za kiserikali, zipatazo 2,500, zilizotumiwa kwa kodi na kupima ardhi. Na kuna parokia za Kikatoliki, zaidi ya 1,000, ambazo mipaka yake ni mingine na hata majina yake mara nyingi ni mengine. Mtu anaweza kuwa na jina sahihi la parokia na bado akatafuta katika daftari lisilo lake.

Isitoshe, baada ya kujitawala majina ya kikoloni yalifutwa. Kaunti ya Offaly ya leo iliitwa King's County siku Kearney alipoondoka, na Laois iliitwa Queen's County. Queenstown, bandari iliyotajwa katika orodha nyingi za abiria, ni Cobh ya sasa.

Majina ya watu nayo yalipita katika mikono ya Waingereza. Katika Kiairishi, lugha ya asili ya kisiwa hicho, Mac ni mwana wa, sawa na bin ya Kiswahili, na Ó ni mjukuu au mzao wa. Viambishi hivyo viliachwa na kurudishwa kufuatana na nyakati, hata Kelly na O'Kelly wakawa ndugu wa damu. Mac Gabhann, mwana wa mhunzi, aliweza kuandikwa McGowan katika daftari moja na Smith katika jingine. Mapadri, kwa upande wao, waliandika mengi kwa Kilatini: James akawa Jacobus, William akawa Gulielmus.

Watoto walipewa majina kwa utaratibu ambao Wakikuyu wa Kenya hawatauona mgeni. Mtoto wa kwanza wa kiume aliitwa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Kwa mabinti Waairishi walianza na bibi mzaa mama, pale ambapo Wakikuyu huanza na mzaa baba. Haukuwa utaratibu wa lazima, ila humpa mtafutaji dokezo la jina la kulitafuta kizazi kimoja nyuma.

Uzito wa dokezo usizidishwe. Annie Moore, binti kutoka kaunti ya Cork, alikuwa mhamiaji wa kwanza kupokewa katika kituo cha Ellis Island, New York, tarehe 1 Januari 1892. Kwa miaka mingi iliaminiwa kwamba alikwenda Texas na kufia huko, na jamaa za marehemu huyo wa Texas walialikwa katika sherehe. Mwaka 2006 ikathibitishwa kwamba Annie Moore wa Texas alizaliwa Illinois, Marekani. Annie wa Cork hakuwahi kuondoka New York. Aliolewa huko, akazaa, akafa mwaka 1924 na kuzikwa katika kaburi lisilo na jiwe.

Daftari lenyewe

Parokia ikishajulikana, kazi inakuwa nyepesi zaidi kuliko zamani. Maktaba ya Taifa ya Ireland ilipiga picha madaftari ya parokia za Kikatoliki kuanzia miaka ya 1950, na Julai 2015 iliyaweka yote katika mtandao bila malipo, zaidi ya picha 370,000, kwa kawaida hadi mwaka 1880 hivi. Mijini na upande wa mashariki baadhi yanaanzia karne ya 18. Magharibi, kwenye umaskini mkubwa zaidi na walikotoka wahamiaji wengi, parokia kadha wa kadha hazina daftari la kabla ya miaka ya 1830 au hata 1840, na hapo nasaba nyingi hukatika.

Sensa za mwaka 1901 na 1911 zimesalia kamili na husomwa bure katika mtandao wa Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa. Kwa watu wa kaunti sita za kaskazini, ofisi ya nyaraka za umma ya Belfast ndiyo mlango. Katika nafasi iliyoachwa na sensa zilizopotea, watafiti hutumia vitabu vya zaka vya miaka ya 1823 hadi 1838, na zaidi Tathmini ya Griffith, iliyochapishwa kati ya 1847 na 1864, inayomtaja kila mkuu wa nyumba katika kila kitongoji pamoja na mwenye ardhi aliyempangisha. Palipokuwa na watu wawili wa jina moja, waandishi waliongeza jina la baba: John Murphy wa Michael. Vipimo vya chembechembe za urithi huweza kuthibitisha udugu na binamu aliyebaki kijijini, lakini havitaji jina la parokia.

Wapo wanaoitafuta parokia kwa ajili ya pasipoti, hasa Waingereza baada ya kura ya mwaka 2016 ya kujitoa katika Umoja wa Ulaya. Sheria ya Ireland inamruhusu mtu kuomba uraia kwa kigezo cha babu au bibi aliyezaliwa katika kisiwa hicho. Zaidi ya hapo haiendi, ila pale ambapo mzazi alikwisha kujiandikisha kuwa raia kabla ya mtoto kuzaliwa. Kwa Falmouth Kearney peke yake, Obama asingepata.